Mbayuwayu wa Sitaha ya Kumi na Mbili

Sabra Mwinjuma hapendi ndege, na hilo aliniambia kabla hata hatujajuana vizuri. Nilikuwa nimempelekea zulia kwake Mwembesongo, pale anapoosha mazulia na masofa kwa mashine ya maji ya kasi, nikamwuliza kama ndiye yule aliyefanya kazi kwenye meli ya watalii.

"Ndiye mimi," akajibu bila kuinua uso. "Na kama umekuja kuuliza habari za wale ndege, basi jua sipendi ndege. Sikuwapenda utotoni, sikuwapenda baharini, na leo siwapendi. Zulia lako litakuwa limekauka Alhamisi."

Ilibidi nirudi mara nne na vitu vichafu ndipo akakubali kunisimulia.

Alizaliwa upande wa Matombo, kwa watu wa mpunga. Alipofika miaka saba, bibi yake alimpandisha kwenye dungu, kile kijukwaa cha miti kinachosimamishwa katikati ya shamba, akampa kombeo na debe bovu la kugonga. Akawa wa kuamia ndege, kuanzia kunapopambazuka mpaka jua linapozama. Ndege wa mpunga huja kama moshi. Ukishuka kujisaidia, ukipanda tena wameshamaliza pembe nzima ya shamba. Jioni bibi alipita akikagua, na kila alipokuta masuke matupu, Sabra alichapwa.

"Wenzangu walikuwa shuleni," alisema. "Mimi msimu mzima niko juu ya miti, nagombana na viumbe visivyojua hata jina langu."

Akiwa na miaka kumi na tisa alikimbilia mjini, akafanya usafi hotelini, Morogoro kwanza, halafu Dar es Salaam, na huko wakala mmoja akamtafutia kazi ya meli. Siku alipopanda alimkuta Scholastika, mwanamke wa Kichangani, hapa hapa Morogoro, aliyemzidi miaka kumi na aliyekuwa msimamizi wa wasafishaji wa sitaha za nje. Scholastika alimpokea vizuri. Alimpa blanketi la ziada, akamfundisha namna ya kusimama meli inapoyumba, akamwonyesha ni wakubwa gani wa kuwakwepa. Sabra akawa anamwita dada Schola, na hakumwita hivyo kwa adabu tu.

Kumbe baharini nako kulikuwa na ndege. Walipokuwa kwenye maji ya joto, ndege wakubwa wa kahawia, wenye matumbo meupe na midomo kama visu, waliikalia reli ya mbele ya meli kama abiria waliolipa nauli. Meli ikipasua maji, panzi wa baharini, wale samaki wenye mapezi kama mabawa, wanaruka kwa hofu, na ndege wale wanajirusha kuwadaka hewani. Wakishiba wanarudi kwenye reli, wananya. Kinyesi chao kinanuka samaki aliyeoza na kinashika kwenye mbao kama gundi. Kila alfajiri Sabra aliburuta mpira wa maji mpaka pale, akakuta wamekaa wakimtazama, hawana hata wazo la kupisha. Siku moja alimsukuma mmoja kwa mpini wa brashi, ndege akageuka akamchana kiganja. Kovu analo mpaka leo, na alinionyesha kwa hasira, utadhani amechanwa jana.

Kesho yake aliwafungulia maji ya kasi. Mzee mmoja Mzungu mwenye darubini shingoni akatokea mlangoni, amevaa kanzu ya kuogea, akaanza kumfokea. Hapo ni bahari yao, alisema, mgeni ni wewe. Sabra alimjibu kwa Kiswahili, akitabasamu kama walivyofundishwa, "Basi shuka uwapanguse wewe." Mzee hakuelewa neno hata moja, lakini tabasamu lilimtosha. Akaandika malalamiko, na Sabra akapewa barua ya onyo.

"Nisafishe, wasione ninavyosafisha," alisema. "Hayo ndiyo waliyotaka."

Aprili ya mwaka wa tatu meli ilikuwa bahari ya Mediterania. Siku mbili mfululizo kulikuwa na upepo mkali na mvua, halafu ukungu. Asubuhi, Sabra alipofungua mlango wa sitaha ya kumi na mbili, alidhani kuna mtu amemwaga majani makavu. Walikuwa mbayuwayu, mamia kwa mamia, wale wale wadogo wenye mikia ya panda tunaowaona hapa kwetu kuanzia Oktoba. Walikuwa njiani kurudi Ulaya, upepo ukawachosha, taa za meli zikawavuta. Wengine walikuwa wamekufa. Wengi walikuwa hai, wamejibana chini ya vitanda vya jua na katikati ya mataulo yaliyokunjwa. Aliokota mmoja. Hakupigana. Alikuwa mwepesi kama hayupo, na moyo unamdunda mwili mzima.

Scholastika alikuja na bunda la mifuko myeusi ya taka.

"Saa moja wageni wanatoka kufanya mazoezi," alisema. "Pakia wote. Tupeleke chini kwenye taka."

"Wote, dada? Wengi wako hai."

"Wote. Hai na wafu. Watakufa tu, na wageni wasiwaone wakifa."

"Wafu nitapakia. Walio hai siwezi."

Scholastika alicheka. "Wewe? Wewe unayewapiga ndege kwa mpini? Leo umeanza huruma?"

"Si huruma. Yule aliyenichana nilimpiga, alikuwa na nguvu zake. Hawa wamelala. Kwetu hata kuku anachinjwa kwa kisu na kwa jina la Mungu. Hafungwi kwenye mfuko mpaka pumzi imwishe."

"Hapa si kwenu. Hapa kuna kazi."

Scholastika akapiga goti akaanza kupakia mwenyewe, haraka haraka, kwa mikono miwili, kama anazoa makapi. Mfuko ulipojaa aliufunga fundo na kuuweka pembeni. Mfuko ukawa unatikisika. Sabra anasema sauti yake ndiyo hawezi kuisahau. Si milio, ni mchakacho, kama mvua ndogo juu ya nailoni. Aliuvamia akauchana kwa kucha. Scholastika akamshika ukosi, Sabra akamsukuma, Scholastika akampiga kofi.

"Nimekupokea mimi!" alimwambia kwa sauti ya chini, meno yamebana. "Nitakurudisha mimi!" Akaondoka kwenda kuita wasafishaji wengine.

Sabra akabaki peke yake, amepiga magoti, mikono ndani ya mfuko, akiwatoa mmoja mmoja na kuwaweka kwenye kreti la mataulo. Hakujua kwamba juu yake, nyuma ya kioo cha ghorofa ya kumi na tatu, mgeni alikuwa amemwelekezea simu.

Video ile ilikuwa na sekunde tisa. Inaonyesha mwanamke mweusi mwenye sare, mfuko wa taka na mbayuwayu mikononi mwake. Haionyeshi kama wanaingia au wanatoka. Mchana ilikuwa imeshasambaa, na jioni imetazamwa na watu ambao hawakuwahi hata kupanda meli. Walimwita muuaji kwa lugha tano.

Ofisini, ofisa wa meli alimwuliza Scholastika maagizo yalikuwa nini. Scholastika alikuwa amekaa kiti cha pembeni, mikono mapajani.

"Niliagiza waokotwe waliokufa tu," alisema. "Huyu ana historia na ndege. Ana barua ya onyo."

Sabra alimwangalia akisubiri amgeukie. Hakumgeukia. Bandari iliyofuata alishushwa na begi lake. Kreti lenye ndege alikuwa ameliacha nyuma ya boti za kuokolea, mahali pasipo na upepo, na mpaka leo hajui kama waliruka au walifia mle.

Nyumbani video ilikuwa imefika kabla yake. Ilikuwa kwenye kundi la WhatsApp la mabaharia wa Morogoro, na chini yake watu waliomjua kwa jina walikuwa wameandika kwamba amewaharibia Watanzania ajira. Alipoteremka stendi ya Msamvu akapanda bajaji, dereva alimkazia macho, akamwuliza, "Dada, si wewe wa wale ndege?" Alishuka akatembea kwa miguu na begi kichwani mpaka Mwembesongo. Shemeji yake alimfungulia mlango bila kumpa pole. Alijieleza kwa ndugu, akajieleza kwa majirani, halafu akachoka. Akaanza kuosha mazulia, kwa sababu kuosha ndiko alikokujua, na kwa sababu zulia halikuulizi kitu.

Mwaka jana, mwezi wa pili, Scholastika alirudi likizo. Alikuja kwa Sabra na mama yake mzazi, Mama Filomena, na kikapu cha matunda damu ya Mgeta. Mimi nilikuwepo, nimekaa kwenye ndoo nikisubiri mkeka wangu.

"Shikamoo mama," Sabra alisema, akazima mashine.

"Marahaba mwanangu. Tumekuja tuyamalize. Mlikuwa ndugu kule ugenini. Mwenzio anasema ulimkosea kazini, lakini yeye ameshakusamehe."

Sabra aliufuta mkono wake kwenye gauni. Kisha akamsimulia mama yule kila kitu, kuanzia mifuko mpaka kofi mpaka ofisini, polepole, bila tusi hata moja. Scholastika alikuwa anatazama maji machafu yanavyopita kwenye mfereji.

"Ni kweli?" Mama Filomena alimwuliza bintiye.

"Mama, nina watoto watatu wanasoma. Ningesema nini?"

"Nimekuuliza ni kweli?"

Yule mama alisimama, akakiacha kikapu palepale chini, akatoka mpaka barabarani na kusimamisha bajaji. Alipanda peke yake. Bintiye alibaki amesimama uani, na Sabra hakumpa kiti.

"Nisamehe basi," Scholastika alisema.

"Sikusamehe. Nenda kaseme kulekule walikonitukana. Ukishasema, bado sitakusamehe, lakini utakuwa umesema."

"Nina mkataba wa Mei. Wakisikia wale wa kampuni?"

"Basi watakushusha na begi. Mimi walinishusha, niko hai."

Akawasha mashine, na kelele zake zikamaliza mazungumzo.

Baada ya siku nane sauti ya Scholastika ilisikika kwenye kundi la mabaharia, kwa sekunde arobaini hivi. Alisema mifuko ilikuwa yake na amri ilikuwa yake. Watu wakaanza kumwandikia Sabra, wengine walewale wa zamani, wakimwita shujaa, mpenda viumbe, na kumwekea picha za mioyo. Aliisikiliza sauti ile mara moja tu. Halafu akaandika sentensi moja, "Mimi si mpenda viumbe, na ninyi si rafiki zangu," akatoka kwenye kundi.

Scholastika aliitwa kazini Mei kama kawaida. Kampuni haikusikia, au haikujali. Nilipomwuliza Sabra kama hilo linamuuma, aliniambia mkeka wangu umeisha nyuzi na sina haja ya kuuleta tena.