Jiko Lililojengwa kwa Ajili ya Wapagazi

Enzi za misafara, Bi Mwanaharusi alilisha wapagazi wengi kutoka jiko moja hapo Mpwapwa. Lilikuwa chumba kirefu cha tembe, nyumba ya udongo yenye paa bapa, kisicho na dirisha, chenye mafiga makubwa yaliyojipanga toka mlangoni hadi ukutani. Kisha Wajerumani wakapitisha reli yao Gulwe, kusini, na mizigo ikapanda gari la moshi. Wapagazi wakaacha kuja. Mwanawe Mustapha alikuwa amekwishafia safarini Unyanyembe, na nyumbani wakabaki wawili tu: yeye na Adija, mjane wa Mustapha.

Moshi wa miaka yote ile ulikuwa umeyala macho ya mama mkwe. Aliona mwanga na kivuli, basi. Adija hakumruhusu tena kupika. Wote wawili walikohoa kila asubuhi, na masizi yaliwadondokea kwenye uji.

"Mama, tulipunguze hili jiko," alisema mara nyingi. "Tutoboe na ukuta kidogo, hewa ipite."

"Liache," Bi Mwanaharusi alijibu. "Watu wakirudi utawapikia wapi?"

Hakuna aliyekuwa akirudi, na Adija hakuwa na moyo wa kumwambia hivyo.

Msiba ukatokea Kongwa, kwa ndugu wa Bi Mwanaharusi, naye akachukuliwa kwenda kuzika. Adija akaona hiyo ndiyo nafasi. Akamwita jirani yake Zipora, Mgogo wa kule misheni, aliyejua kukandika ukuta kuliko mtu yeyote mtaani. Ujira wake ulikuwa kuku jike na chumvi. Wakatoboa dirisha upande wa mashariki. Wakabomoa mafiga yote, wakajenga jiko moja la udongo lililoinuka hadi kiunoni, ili mpishi asiiname. Debe kuukuu lililotobolewa huku na huku likawa bomba la kutolea moshi darini. Mbao za masanduku yaliyoachwa na wafanyabiashara zikawa rafu. Kuta wakazipaka udongo mweupe, na Adija alipowasha moto wa kwanza, akaketi akiutazama moshi unavyotoka zake nje. Machozi yakamtoka, lakini si ya moshi.

Bi Mwanaharusi aliporudi, aliingia jikoni kwa mwendo wake wa siku zote, bila fimbo. Alinyoosha mguu kutafuta figa la kwanza, hakulikuta. Akasogea, akapapasa ukutani penye ndoano ya kata ya kuchotea maji, akakuta ukuta mtupu, laini. Akasimama katikati.

"Adija," akaita kwa sauti ndogo. "Hapa ni kwa nani?"

"Ni kwetu, mama. Nimelitengeneza. Moshi hakuna tena."

Mzee akageuka, akatafuta mlango, akagonga bega kwenye rafu.

Kesho yake Adija aliamshwa na kishindo. Alimkuta mama mkwe sakafuni, chungu kimepasuka, mkono umeungua. Alikuwa ameamka mapema akajaribu kujipikia uji, na akauegemea moto uliobaki tangu jioni kwa sababu hakutarajia kuukuta kiunoni.

Adija akampaka asali, akamfunga kitambaa safi. Hapo ndipo alipoelewa: kumbe katika nyumba nzima, jiko lile ndilo mahali pekee ambapo yule mama hakuwa kipofu.

"Nisamehe, mama. Nilidhani nakupunguzia taabu."

"Moshi umeuondoa kweli," Bi Mwanaharusi alisema. "Nimeamka sikohoi. Lakini umeniondoa na mimi."

Adija akamshika mkono mzima. "Basi niambie kila kitu kilikaa wapi."

Zipora akaitwa tena. Safari hii Bi Mwanaharusi alikaa kwenye kigoda akiwaamrisha. Jiko likashushwa hadi chini, mahali pa figa la kwanza, bomba likasogezwa juu yake. Kata ikarudi kwenye ndoano yake, chumvi mkono wa kulia, unga wa mtama mkono wa kushoto, rafu chini ya usawa wa bega. Dirisha likabaki.

"Hilo acheni," alisema. "Jua linanipiga usoni, najua asubuhi imefika."

Mkono ulipopona, akaanza kupika. Siku za mnada alikaanga vitumbua, Adija akaenda kuviuza, na watu wakamwagizia vingine. Wake za jirani walikuja kuangalia bomba la debe, wakaondoka na Zipora kwenda kutobolewa kuta zao. Bi Mwanaharusi akiwasikia wanamsifu Adija, aliongeza tu kwamba mkwe wake ana akili, ila aulize kwanza kabla hajashika jembe.