Niliyomuuliza Mama Kerubo Ndegeni

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kalamu, orodha ya majina thelathini na moja, na amri ya kutopoteza mtu. Ofisi yetu ya safari ilikuwa ghorofani mjini Kisii, juu ya duka la vitambaa, na Mkurugenzi alikuwa mwalimu mstaafu aliyetuita kwa majina kama tuko darasani. Asubuhi hiyo kundi la wakulima lilikuwa linaondoka kwenda kuzuru nchi ya nje. Mzee mmoja kutoka Masimba alikuwa ameketi kwenye ngazi, amekumbatia begi, anasema ndege imemshinda na anarudi kwake. Nikaanza kumweleza habari za usalama wa ndege. Mkurugenzi akanisogeza kando, akaketi kwenye ngazi ileile na suti yake, akamuuliza ana ng'ombe wangapi. Watatu. Na mkorofi ni yupi? Baada ya dakika kumi mzee alikuwa ndani ya gari, anacheka, na sidhani alikumbuka alipandaje.

“Moraa,” Mkurugenzi aliniambia, “mtu akiulizwa habari za kwao husahau aliko. Hiyo ndiyo kazi. Mengine ni makaratasi.”

Makaratasi nayo yalikuwa mengi, na ninyi mnaoingia kazi hii leo na kila kitu kwenye simu hamtaniamini. Tulikuwa na tiketi ya kundi, yaani tiketi moja yenye majina yote: mkienda pamoja mnarudi pamoja, na mwenye haraka ya kurudi anajinunulia yake. Pasipoti zote zilikaa kwenye mkoba wangu wa kiunoni. Nilioga nao ukiwa umetundikwa mlangoni. Kisha kulikuwa na hesabu ya vichwa, mlangoni mwa hoteli, mlangoni mwa basi, mlangoni mwa ndege. Wazee wengi wa kwetu hawapendi watu wahesabiwe kwa kidole, kwa hiyo nilijifunza kuhesabu kwa macho huku nikiongea mambo mengine.

Baada ya miaka minne nilihamishiwa uwanja wa ndege wa Nairobi, chini ya Meneja wa Uwanja, mama mkali aliyevaa viatu vya raba na sketi ya ofisi. Yeye ndiye alinifundisha kwamba safari ya kurudi ni ngumu kuliko ya kwenda. Wakati wa kwenda watu wanakuogopa. Wakati wa kurudi wamekuzoea, wamechoka, na kila mmoja ana chupa ya maji ya mto fulani ambayo haitapita kwenye mashine. Alikuwa na sheria moja ambayo hakuikubalia mjadala: habari ya msiba haitolewi njiani, familia itaitoa yenyewe. Kwa miaka mingi sheria hiyo haikunigusa. Nikapandishwa cheo, nikawa kiongozi wa misafara, na nikasifiwa. Nilijipenda sana wakati huo, afadhali niseme ukweli.

Safari ninayotaka kuwaeleza ilikuwa ya Misri. Lilikuwa kundi la waumini kutoka Kebirigo na vijiji vya karibu, wengi wao Wasabato, pamoja na mchungaji wao. Kati yao alikuwa Mama Kerubo, mkulima wa chai, umri wake karibu sabini, na ulimi wake haukupumzika. Mumewe, Mzee Nyakundi, alibaki nyumbani kuangalia ng'ombe. Laini za simu za wenzangu hazikufanya kazi kule, kwa hiyo kila jioni Mama Kerubo alikuja kumpigia kwa simu yangu, wakagombana kuhusu saa ya kukamua, akanirudishia simu akiwa ameridhika kabisa.

Jioni ya mwisho simu ilipigwa na mwanawe mkubwa, Ombati. Mzee alikuwa ameanguka kwenye shamba la chai asubuhi ile, na alikata roho kabla hawajamfikisha hospitali.

“Madam, mama asijue akiwa huko,” alisema. “Tutamwambia sisi, akiwa na watu wake. Nakuomba.”

Nikakubali. Kwetu mtu hapewi habari ya namna hiyo akiwa peke yake ugenini. Anapewa akiwa amezungukwa, pawe na wa kumshika. Meneja naye alikuwa amesema hivyohivyo. Desturi na kazi zilikuwa zimekubaliana, na nilishukuru kwamba sikuhitaji kufikiri. Mama Kerubo alipokuja kupiga simu nikamwambia mtandao umekataa, na asubuhi nikarudia hivyohivyo. Nilimweleza mchungaji peke yake. Mchungaji akamweleza shemasi mmoja ili waombe pamoja, na tulipofika uwanja wa ndege asubuhi kundi zima lilikuwa linajua, isipokuwa yeye.

Nilibadilishana pasi ya kupandia ndege na shemasi ili nikae kando yake. Alikuwa dirishani, na mapajani ameshika kofia ya sufu aliyomnunulia mumewe. Ndege ilipotulia juu aligeuka akanitazama.

“Jana mtandao, leo mtandao. Moraa, huyo mzee yuko sawa kweli?”

Pale ningeweza kusema. Ningeweza pia kunyamaza, naye angelisoma jibu usoni mwangu, na angebaki na saa zake nne za kulia dirishani bila mtu kumwona. Badala yake nilifanya kazi yangu. Nilitabasamu, nikamuuliza, “Kwani Mzee ni mtu wa aina gani?”

Alianza kucheka kabla hajajibu. Akanieleza kwamba siku ya harusi Nyakundi alivaa viatu vya kuazima, na mwenye viatu akavidai kabla keki haijakatwa. Akanieleza jinsi anavyoficha sukari kisha anasahau alikoificha, na jinsi anavyosinzia kanisani halafu anaitikia “Amina” wakati wa matangazo. Kila alipopunguza mwendo nilimpa swali lingine. Na redio yake je? Na alipojaribu kukamua yeye? Akavaa ile kofia ya sufu, akakunja uso, akaiga sauti ya mumewe akigombana na ng'ombe. Watu wa viti vya mbele waligeuka. Wa nyuma wakasimama kuchungulia. Wakacheka, wote, tena kwa nguvu, kwa sababu hakuna aliyejua afanye nini kingine. Shemasi alilia mpaka akajifunika leso, akasema ni masikio yanamuuma. Mama Kerubo alifurahi kuona ameangusha kundi zima kwa kicheko, akaendelea mpaka tunatua.

Ndani ya uwanja nilihesabu vichwa. Hesabu ilitimia.

Alitoka mlangoni akiwa bado amevaa kofia. Waliokuja kumpokea walikuwa sita, wamesimama bega kwa bega, na katikati yao alikuwa kaka mkubwa wa Mzee Nyakundi, ambaye hakuwa amewahi kufika Nairobi maishani. Mama Kerubo alimwona huyo, akasimama. Hakupiga yowe. Alivua kofia polepole, akaikunja mara mbili, kisha akanigeukia.

“Ulikuwa unajua?”

“Tangu jana jioni, mama.”

Akawatazama wenzake waliokuwa nyuma yangu na mikokoteni ya mizigo. Nao waliangalia chini, mmoja baada ya mwingine.

“Mliniacha nimtete maiti,” alisema. “Na mkanicheka naye.”

Wanawe wakamchukua. Nilienda mazishini, nikakaa nyuma. Familia ilinishukuru kwenye kipaza sauti kwa kumleta mama salama.

Nilifanya kazi miaka miwili zaidi, lakini ilikuwa imeniisha. Abiria mwenye hofu aliketi kando yangu akitetemeka, nami nikamweleza habari za usalama wa ndege, nisimuulize lolote la kwao. Mkurugenzi mpya, kijana mstaarabu, alisema labda nimechoka. Nikastaafu. Sasa naishi Nyanchwa, nafuga kuku wachache, na tukikutana na Mama Kerubo sokoni Kebirigo ananisalimu vizuri, ananiuliza hali, anaendelea na njia yake. Sijawahi kumwomba msamaha. Nikitafuta la kumwambia naona kwamba nilifuata kila sheria, na hilo siwezi kumpelekea mtu kama pole.

Mwaka huu mjukuu wake, msichana wa chuo, alikuja kwangu na daftari. Babu yake alikufa kabla hajamfahamu, akamwomba bibi amsimulie habari zake. Bibi hajawahi kumtaja tangu azikwe. Siku hiyo alijibu mara moja tu.

“Alisema nije kwako,” msichana aliniambia. “Alisema, ‘Muulize Moraa. Mimi nilimaliza kusema kule ndegeni.’ Kwa hivyo nimekuja. Babu alikuwa mtu wa aina gani?”

Ninayo yote, viatu vya kuazima, sukari iliyofichwa, “Amina” ya wakati wa matangazo. Hakuna mwingine aliyeyasikia yote. Nikaanza na viatu. Msichana akacheka, akiandika, na kilikuwa kicheko cha bibi yake, kilekile cha ndegeni. Nikamwambia samahani, mengine nimesahau.