Mama Mkwe Juu ya Magunia ya Pamba

Mke wangu alipojifungua mtoto wetu wa kwanza pale Kasongo, niliapa kwamba mama yake nitamleta mimi mwenyewe, kwa kamyo niliyokuwa naendesha. Nilikuwa dereva wa Mgiriki mmoja aliyenunua pamba upande wa Kabambare, na kamyo yake nilijivuna nayo utadhani ni yangu.

Freni zilikuwa zimekwisha. Zile ngozi ngumu zinazobana gurudumu kwa ndani zilikuwa zimelika kabisa, na kila nilipokanyaga, chuma kililia juu ya chuma. Ngozi mpya zilikuwa ghali, tajiri alinung'unika muda mrefu kabla ya kuziagiza Kindu. Lakini siku niliyotaka kuondoka, zilikuwa tayari kwa fundi.

"Uniachie kamyo mpaka kesho kutwa," fundi alisema.

"Mama mukwe iko ananingojea. Utazifunga nikirudi."

Akatupa gogo la mti ndani ya kamyo, kule nyuma. "Basi freni yako ni hii."

Nilicheka. Kosa lile ni langu, tajiri hayumo.

Kabambare nilipakia pamba, na mama mkwe akapanda juu ya magunia pamoja na kuku wake. Mbele hakuweza kukaa. Kwetu mwanamume hakai karibu na mama wa mke wake, hamtazami usoni, wala hawasemeshani. Kukiwa na neno, linapitia kwa mtu wa tatu. Safari ile mtu wa tatu hakuwepo.

Kwenye mteremko unaoshukia daraja la miti, nilikanyaga freni na mguu ukaenda mpaka chini. Nikalazimisha gia ya kwanza, nikavuta freni ya mkono, nikaiegemeza kamyo kwenye ukingo wa udongo. Ikasimama, lakini niliisikia ikiteleza polepole. Nikiachilia tu, mtoni. Na huko nyuma kulikuwa na mama ambaye hajamwona mjukuu wake.

Nikapaza sauti, macho yangu mbele. "We kamyo, umwambie mama ashuke, aweke lile gogo mbele ya gurudumu."

Sauti ikatoka juu ya magunia: "Kamyo, muulize mukwe wangu, gurudumu gani?"

"Kamyo, mwambie lolote."

"Mwambie naye asiachilie. Sikuacha shamba langu nije kufa na pamba ya Muzungu."

Nikasikia gogo likigonga, kamyo ikatulia. Nikaingia chini yake, nikazikaza freni kadiri zilivyokubali. Nilipotoka, mama mkwe alikuwa ameketi kando ya njia, amenipa mgongo, kuku mapajani.

"Kamyo," alisema, "fundi alikuambia nini mbele ya kutoka Kasongo?"

Nilifikiri kudanganya. Kamyo isingepinga.

"Mwambie fundi alinikataza. Mwambie nilitaka aone mimi ni mukwe wa namna gani."

"Kamyo, nimeona."

Nikawasha moto wa injini, nikarudi nyuma kidogo, naye akalitoa gogo na kujitwika kichwani. "Kupanda, kamyo, utanibeba. Kushuka, niko na miguu yangu."

Ndivyo tulivyofika Kasongo, jua likizama siku ya pili yake. Kila mteremko alishuka, nikatangulia taratibu kwa gia ya kwanza, nikamngoja chini. Mke wangu alimpokea mlangoni, akamuuliza gogo lile ni la nini. "Ni freni ya mume wako," mama akajibu, akanyoosha mikono kumpokea mtoto.

Kesho yake fundi alifunga ngozi mpya. Nilipomrudisha mama mkwe kwao, freni zilishika vizuri kuliko zote nilizowahi kukanyaga, lakini juu ya mteremko wa kwanza aligonga bati la kamyo kwa gogo lake. Niliiomba kamyo imwambie kwamba freni ni mpya. Akaiambia kamyo kwamba amesikia, akashuka.

Miaka yote nilimbeba hivyo, na baadaye sikungoja agonge, nilisimama mwenyewe. Msamaha niliiomba kamyo tu. Yeye sikumwomba kamwe, na hilo linaniuma hata leo. Nilikuwa namngoja chini ya mlima, moto unawaka, uso nimeugeuzia upande wa pili kwa heshima, mpaka nisikie gogo likianguka ndani ya kamyo kule nyuma. Hapo nilijua amefika, nikaachilia freni.