Picha ya Winga wa Misimu Miwili

Chama chetu cha mpira kilipewa chumba chini ya jengo moja la kupanga kule Alby, kitongoji cha Stockholm, ukuta kwa ukuta na mahali wapangaji walipofulia nguo, na harufu ya sabuni ilikuwa nasi katika kila mkutano. Ukutani tulitundika picha za wachezaji waliostahili heshima. Mwaka ninaousimulia zilikuwa nne. Kanuni ya kuingia ukutani niliiandika mimi mwenyewe kwenye daftari la chama: mchezaji awe ameitumikia timu misimu mitano.

Niliipenda kanuni hiyo. Madrasa niliyosoma Mumias ilinifundisha kwamba amali ipendezayo mbele ya Mungu ni ile inayodumu, hata ikiwa ndogo, na nimejaribu kuishi hivyo. Tangu nifike Stockholm nilifanya kazi ile ile ya kufua mashuka ya hospitali. Nilisali kwa wakati hata majira ya baridi, adhuhuri na alasiri zinapokaribiana mpaka chai ya katikati inakosa nafasi. Wakenya, Waganda na Watanzania wa chama kile waliponichagua mwenyekiti, mimi ambaye sikuwahi kucheza mpira, nilichukua neno la ibada nikapima nalo miguu ya watu. Sikuona kosa.

Winga wetu wa kushoto alikuwa Mganda, mkimbizi aliyekuja na mke na binti mchanga. Alicheza misimu miwili tu. Alikuwa akipokea mpira amesimama, kama mtu anayesubiri basi, na mara beki aliyekuwa mbele yake anajikuta anageuka kumtafuta nyuma. Katika misimu hiyo tulipanda daraja mara mbili. Kisha, mwezi wa Aprili, kwenye uwanja wa changarawe uliokuwa bado na barafu pembeni, goti lake la kushoto likageuka. Alipasuliwa mara mbili. Baada ya hapo alipata kazi ya kupanga barua, kazi ya kuketi, na alitembea akiuburuta mguu kidogo.

Ndipo alipoanza kuja kwangu kila Jumapili. Mke wangu alifariki nyumbani katika mwaka wangu wa pili huku, na sikuweza kufika mazikoni. Niliishi Hjulsta, mwisho wa njia ya treni, chumba kimoja na jiko, na kulikuwa na siku ambazo sauti yangu niliisikia niliposoma Kurani tu. Yeye alikuwa akitoka kanisani, anapanda treni Alby, anabadilisha mjini, anakuja mpaka kwangu. Akipata ndizi za kupika alizileta zimefungwa kwa gazeti. Tulipika pamoja.

"Maalim, chumvi hii umeitia kwa kijiko au kwa imani?"

"Kula, mtu wa goti moja."

Alicheka mpaka akaweka kijiko chini. Hakuna mwingine Stockholm aliyeniita Maalim. Kazini waliniita kwa nusu ya jina langu, kwa kuwa nusu nyingine iliwashinda.

Jumapili moja ya vuli alikula kidogo.

"Maalim, Jumamosi kwenye mkutano mkuu watanijadili. Habari ya picha."

"Nimesikia."

"Binti yangu ana miaka saba. Juzi nilimwambia, baba yako alikuwa anakimbia kuliko watu wote. Akanijibu kwa Kiswidi kwamba baba za wenzake ndio wanaokimbia. Hakusema kwa ubaya. Hajapata kuniona nikicheza. Nataka nimpeleke pale aone." Akatazama sahani. "Wewe ukisema neno, watakusikia."

Nilimwambia tuwe na subira. Huwaambia watu hivyo, na mara nyingi huwa ni kweli.

Aliyeleta hoja Jumamosi ile alikuwa Mkenya aliyesoma Marekani.

"Ndugu zangu," akasema, "kule kuna mpira wao unaobebwa mikononi. Yule anayeubeba na kukimbia huangukiwa na watu sita kila mara. Miaka mitatu, minne, amekwisha. Na watu hugombana: aingie kwenye jumba lao la heshima au asiingie? Mimi nauliza, kama kazi yenyewe ndiyo inayomvunja, utamdai miaka gani?"

"Sisi hatubebi mpira mikononi," akasema kipa wetu wa zamani, Mtanzania, ambaye picha yake ilikuwa juu ya kichwa chake pale alipoketi. "Hata hivyo mimi nimelala kwenye changarawe ile misimu minane."

"Na umefungwa misimu minane, mzee!" mmoja akadakia kutoka nyuma.

Watu wakacheka, na kipa akacheka nao. "Nimefungwa, lakini nilikuwepo. Mvua, theluji, nilikuwepo. Leo tukiweka wa misimu miwili, kesho mtaniletea wa mechi mbili."

"Bila yeye ungekuwa bado kule chini unafungwa na wauza samaki!"

Mikono ikahesabiwa: saba kwa saba. Winga mwenyewe alikuwa ameketi karibu na mlango, mguu ameunyoosha, na hakuinua mkono. Wote wakanitazama, kwa kuwa kura ya kuamua ilikuwa ya mwenyekiti. Nilijua kwamba wanajua nani hula kwangu Jumapili, na nikaogopa kuonekana ninapendelea. Nikafungua daftari, nikaisoma kanuni kwa sauti.

"Ni misimu mitano," nikasema.

Alisimama. "Sawa, Mwenyekiti." Kisha akatusaidia kupanga viti.

Jumapili iliyofuata nilipika kwa watu wawili. Saa nane ikapita, saa tisa, kukaanza kuwa giza. Nikala, nikaosha vyombo. Nyingine ikaja vivyo hivyo. Hatukugombana, tukikutana kituoni aliniamkia, akauliza afya yangu, akasema amebanwa na kazi. Majira yale ya baridi nilijifunza kuitambua lifti inayosimama ghorofa yangu na ile inayopita kwenda juu. Nyingi zilipita. Namshukuru Mungu kwa afya na kwa nyumba yenye joto, na hata wakati ule nilimshukuru, lakini sitaficha kwamba niliziogopa Jumapili.

Katika kimya kile nililirudia lile neno nililofundishwa. Lilinihusu mimi na Mola wangu, na nguvu ambazo bado ninazo. Halikusema lolote juu ya mtu aliyenyang'anywa nguvu zake. Yule hakuacha kukimbia. Mimi nilimhesabu kama aliyeacha.

Mkutano mkuu uliofuata nilitoa hoja mwenyewe, kanuni ibadilishwe.

"Mwaka jana ulitusomea, mwaka huu unaifuta?" kipa akaniuliza.

"Niliiandika mimi, na niliiandika vibaya."

Aligeuka akaitazama picha yake ukutani. "Basi itundikeni," akasema, "lakini isikae juu ya yangu." Kumi na mmoja waliinua mikono.

Winga hakuwepo. Nilimwandikia barua, na baada ya wiki mbili alikuja na binti yake kutoka Jakobsberg, walikokuwa wamehamia. Nilikuwa nimekwisha kuitundika picha yake. Pichani alikuwa ameinama kando ya mstari, mdomo wazi, mpira mguuni, na nyuma yake beki ameketi kwenye changarawe. Mtoto aliitazama sana. Akauliza kwa Kiswidi yule aliyeanguka ni nani.

"Ni muoka mikate mmoja," baba yake akamjibu. "Alinifuata uwanja mzima, maskini."

"Hakukupata?"

"Hakunipata."

Mtoto akacheka, akaweka kidole kwenye kioo, juu ya goti la baba yake, la kushoto, lililokuwa zima siku ile. Niliwaacha wakae hapo. Nilipoona wanafunga makoti nikamwambia, "Karibuni Jumapili. Njooni wote, na mama pia."

Alinishika mkono kwa mikono yake miwili. "Asante sana, Mwenyekiti. Mungu akipenda. Ila Jakobsberg ni mbali kidogo."

Jakobsberg iko karibu na Hjulsta kuliko Alby, na sote wawili tulilijua hilo. Nikamwambia ni kweli, ni mbali. Nikamwekea mtoto mkono kichwani nikamwombea dua, nao wakapanda ngazi kwenda zao.