Lugha ya Vibao

Mimi Mluhya, mume wangu Mkamba. Lugha ya kwao najua maamkizi tu, na yeye ya kwetu anajua majina ya vyakula. Kwa hiyo miaka ya tisini ikielekea kuisha, kwenye nyumba yetu ya kupanga Riverdale, huku ughaibuni, siri zilisemwa kwa Kiswahili, mpaka binti yetu alipofika darasa la sita tukagundua kwamba anasikia kila kitu. Kuongea ndiko alikuwa haongei. Ukimwuliza kwa Kiswahili anakujibu kwa Kiingereza, huku anatafuna.

Na siri tulikuwa nayo. Baba yake alikuwa ameamua arudishwe Kenya kwa nyanya yake, asome shule ya bweni. Unajua inavyofanywa: mtoto anaambiwa twende likizo, anafungiwa sanduku dogo, mzazi anarudi peke yake. Watu wa kanisani kwetu walishafanya hivyo na walitushauri sana, bila kuulizwa.

"Mtoto gani huyu hajui lugha ya wazazi wake?" mume wangu alikuwa akisema.

Ndipo tukaunda yetu. Yeye alisafisha maofisi mjini, mimi niliogesha wazee kwenye makao fulani huko Temple Hills, na Kiingereza tulichokiona kutwa kilikuwa cha vibao. Tukachukua hicho hicho. Wetifloo, ya kile kibao cha njano kwenye sakafu yenye maji, maana yake mtoto anasikiliza. Egziti ni Kenya. Mama mkwe akawa Menejaondyuti, jina nililochagua mwenyewe na sijutii. Mtoto tulimwita Frajaili, kutoka kwa karatasi zinazobandikwa kwenye maboksi ya vyombo. Autovoda, iliyoning'inia kwenye lifti yetu mbovu tangu tuhamie, ni hapana. Na ukikohoa baada ya neno, basi jambo hilo limepita, limekwisha. Hiyo ya kukohoa aliibuni mume wangu, nikamwambia ni upuzi. Nilipopata mafua hatukuelewana wiki nzima.

Tuliongea hivyo mezani kama watu wenye akili timamu.

"Frajaili egziti," anasema, ananipitishia sukuma wiki.

"Autovoda," nasema mimi.

Maana sikutaka. Nilimwambia sitaki kwa Kiswahili chumbani, nikamwambia kwa Kiingereza ndani ya gari, na moyo uliniuma kila nilipoona viatu vya yule mtoto mlangoni. Wapi! Shingo ngumu. Tikiti zikanunuliwa: yangu ya kwenda na kurudi, yake ya kwenda tu.

Jumapili ya mwisho kabla ya safari tulikuwa tunakula ugali. Mume wangu akanikumbusha, kwa lugha yetu, kwamba Menejaondyuti ameshapata shule. Binti yetu akaweka tonge chini.

"Frajaili egziti autovoda," akasema. Akanitazama mimi, akamtazama baba yake. "Wetifloo," akaongeza, kisha akakohoa, mkono mdomoni, vile nilivyomfunza kukohoa kwa adabu.

Yaani alikuwa akisikiliza. Muda wote huo, jamani, na sisi tunapitishiana mboga.

"Nani amekufundisha?" baba yake akauliza.

Akajibu kwa Kiingereza kwamba ni sisi, kwani kuna mtu mwingine anayeiongea?

Mume wangu ni mtu wa maneno, hasa akikosea. Lakini siku hiyo mtoto asiyejua lugha ya wazazi wake alikuwa amekaa mbele yake, anangoja jibu. Mume wangu akainuka, akanawa mikono, ingawa hakuwa amemaliza kula. Akarudi, akakaa.

"Egziti," akasema. Halafu akakohoa.

Binti yetu akanigeukia, akaniuliza kwa Kiingereza kama baba anaumwa kifua au anaongea.

"Anaongea," nikamwambia, huku nalia. "Kula, ugali unapoa."