Netiweki ya Marehemu

Shule yetu karibu na Muhuru Bay, upande wa Kenya wa mpaka, ililetewa tableti kabla ya kuletewa netiweki. Silalamiki, maana hata tangi la maji tulilipata kabla ya mifereji ya kukingia mvua, tukazoea kulitazama tu. Lakini tangi halikutumii ujumbe kila asubuhi kukukaribisha Tanzania. Simu zetu zilishika mnara wa ng'ambo, zikaamini tumehama, zikatafuna salio letu kwa bei ya wageni.

Nilifundisha Gredi ya Sita. Kwenye semina Homa Bay, kijana mmoja mwenye tai nyembamba alikuwa ametueleza kwamba alama za watoto sasa zingeingizwa kwenye mfumo wa kompyuta, moja kwa moja kutoka shuleni. "Ni kubonyeza tu," alisema. Basi nilibonyeza. Nilibonyeza nikiwa ofisini, nikabonyeza nikiwa juu ya dawati, nikabonyeza nikiwa nyuma ya vyoo, na kile kiduara kikazunguka tu hadi nikatamani kukitupa ziwani. Mtoto ambaye alama zake hazingeingia kabla ya mfumo kufungwa angeonekana kama hakufanya mtihani hata mmoja. Nililala na kuamka na hofu hiyo.

Netiweki niliipata kwa bahati. Jirani na shule aliishi mjane mmoja ambaye sote tulimwita Dani, yaani bibi. Mumewe, mwenyekiti wa kwanza wa wazazi wa shule, alizikwa mbele ya nyumba yake kama wanaume wote wa kwetu, na watoto wake wakamjengea kaburi la vigae vyeupe na kipaa cha mabati. Nilikuwa nimepita kumjulia hali Dani, nikasimama upande wa kichwa cha mzee kutoa heshima, na simu mfukoni ikaanza kulia kama kuku aliyevamiwa. Jumbe za wiki nzima ziliingia kwa pamoja. Niliposogea kando, ikanyamaza. Niliporudi kwa mzee, ikalia tena.

Siku ya pili walimu wote walikuwa kaburini. Tulisimama kulizunguka, vichwa chini, kila mtu na tableti yake. Wapita njia waliguswa sana. Mwendesha bodaboda mmoja alizima pikipiki na kuvua helmeti. Katekista alituona akiwa barabarani, akaingia, akaomba sala ndefu ya kuwafariji walimu waliompenda mzee namna hii. Tulisema amina huku tukituma alama za Sayansi.

Dani hakutukataza, ila alitoa sharti moja. Aliniambia kwa Dholuo, lugha ya kwetu, huku akigeuza omena, dagaa wa ziwani, alizokuwa ameanika, kwamba mumewe hakuwahi kukosa siku ya kufunga shule. Alikuwa akikaa mstari wa mbele na kutaka kujua kila mtoto amekuwa wa ngapi. Sasa kama mambo ya shule yanapitia kwake, basi na ayasikie. Tulipaswa kusoma kwa sauti.

Basi tukasoma. Shida ni kwamba siku hizi hakuna mtoto wa kwanza wala wa mwisho. Kuna anayezidi matarajio, anayefikia, anayekaribia, na yule aliye chini. Nilipofika kwa mtoto wa fundi wa boti, nikasoma, "Hesabu, anakaribia matarajio."

"Anakaribia?" Dani akauliza. "Si hata mwaka jana ulisema anakaribia kusoma vizuri? Huyo mtoto anatembea na miguu gani?"

Nilicheka hadi nikatuma alama za mtoto mwingine mara mbili. Kusema kweli, sikuwahi kufurahia kazi ya makaratasi kama nilivyoifurahia pale.

Aliyetuharibia alikuwa naibu wa mwalimu mkuu, mtu mnyoofu kama rula, aliyefundisha darasa langu Hesabu. Yeye ni Mkuria na Dholuo yake ni ya salamu tu, kwa hiyo Dani alizungumza naye kwa Kiswahili. Naibu alikuwa ametoka semina nyingine, ya usiri. Dani alipomwambia asome, akavuta koti lake.

"Mama, alama za mwanafunzi ni siri. Ni data. Haziwezi kusomewa mtu yeyote ambaye hahusiki."

Dani akatazama kaburi, kisha akamtazama yeye. "Na huyu atamwambia nani?"

"Sheria ni sheria, Mama."

Kesho yake lango la Dani lilikuwa limefungwa kwa kufuli la ukubwa wa ngumi. Ilikuwa Alhamisi, na mfumo ulikuwa unafungwa Ijumaa jioni. Alama zote za Hesabu za darasa langu zilikuwa ndani ya tableti ya Naibu, naye alikuwa amekaa ofisini akiinua tableti kuelekea dirishani. Nilimkasirikia kiasi cha kushindwa kunywa chai. Ijumaa mchana nilimshika mkono, nami si mtu wa kushika mikono ya wakubwa, tukaenda hadi langoni.

"Mama, nimekuja kuomba msamaha," Naibu akasema.

Dani aliendelea na omena zake. "Si mimi ulikosea. Ongea na mwenyewe."

Naibu alinitazama. Nikamwonyesha kaburi kwa kidevu. Akakohoa, akashika vyuma vya lango kama mfungwa. "Mzee, mimi ni naibu wa shule yako. Nilikosa."

"Ongeza sauti! Huyo masikio ilikuwa imeisha hata kabla akufe."

"NILIKOSA, MZEE!"

Ng'ombe waligeuka kutazama. Kufuli likafunguliwa. Naibu alisoma darasa zima kwa sauti ya gwaride, jasho likimtoka. Kwa mtoto wa fundi wa boti akasema anakaribia, na Dani akaguna, "Bado iko njiani huyo." Alama ya mtoto wa mwisho ilipoingia, nilikaa palepale kwenye kigae bila ruhusa ya mtu.

Muhula uliofuata tulifungiwa sahani nyeupe ya setilaiti juu ya paa la ofisi. Netiweki ikawa ya kumwaga. Tulituma kila kitu tukiwa tumekaa vitini, chai mkononi, tukalisifu ziwa, serikali na sayansi.

Nilikutana na Dani sokoni wiki kadhaa baadaye. Aliniuliza habari za watoto, nikamwambia wazima. Akapanga omena zake tena, ingawa zilikuwa zimepangwa, ndipo akasema polepole, "Mwalimu, mzee anauliza kama amewakosea."

Nilitamani ardhi inimeze. Niliona aibu na huzuni kwa pamoja, nikajibu kitu kuhusu kazi nyingi.

Siku ya kufunga shule nilichukua tableti yangu, ingawa alama zilikuwa zimeshatumwa, nikaelekea kwake. Lango lilikuwa wazi. Chini ya kipaa cha mabati alikuwa amechuchumaa Naibu, koti limekunjwa kando, tableti mapajani, akiwa amefika katikati ya Hesabu. Aliponiona akashtuka.

"Nilikuwa napita tu," akasema.

"Wacha yeye, soma," Dani akamwambia.

Naibu akainamia kioo. Alikuwa amefika kwa mtoto wa fundi wa boti. Alisoma polepole, kwa sauti ya mtu aliyekuwa akiingojea zamu hiyo: "Anafikia matarajio."

Dani alijipiga paja. Hakututazama sisi. Aliligeukia kaburi na kuweka kiganja chake juu ya kigae.

"Umesikia?" akasema. "Amefika."