Mgombea Nilimpa Kiti Changu, Binti Yangu Nikamwacha Benchi la Nyuma

Nilikosa. Sitazunguka, wala sitamsingizia shetani. Siku ile shetani hata hakuwa na kazi, mimi na wazee wenzangu tulimfanyia yote!

Mimi ni mkulima wa milimani, wilaya ya Kilosa. Jina niacheni nalo. Nilikuwa mzee wa kanisa, wa wale wanaokaa mbele na kukohoa vijana wakinong'ona. Nilijiona mtu safi mno. Pombe sinywi, mke mmoja, watoto wote wamesoma shule ya misheni.

Basi, binti yangu Tabitha akapata mimba akiwa nyumbani, hana mume. Kwetu kanuni ilikuwa inajulikana: unatengwa. Hushiriki meza ya Bwana, unakaa benchi la nyuma karibu na mlango mpaka wazee waseme umetubu. Na mtoto habatizwi mpaka mama yake arudishwe.

Baraza likaniuliza mimi baba mtu, tumpe muda gani? Wenzangu walikuwa wanasema miezi mitatu. Mimi nikasema mwaka! Nilitaka waone sina upendeleo. Wakatikisa vichwa kwa heshima, nami nikavimba kama andazi.

Tabitha alijifungua mtoto wa kike, akawa anakuja naye benchi lile kila Jumapili. Alikuwa na ombi moja tu. "Baba, nisemee kwa wazee. Mimi niacheni huku huku nyuma, ila mtoto abatizwe."

Nikamjibu, "Kanuni ni kanuni." Mke wangu hakuniongelesha wiki nzima.

Sasa mwaka huo huo ndio tulikuwa na uchaguzi wa vyama vingi. Biashara zilishafunguliwa, kila mtu anauza anachotaka. Mitumba kila kona, na kule Mikumi barabarani kila mwezi baa mpya. Na vibanda vya video! Vijana wetu walikuwa wanashuka na vitunguu vya kuuza, hela yote inaishia kwenye picha za ngumi na za watu uchi.

Akatokea mgombea urais mmoja. Anasema akishinda, vibanda vyote chini, nidhamu irudi majumbani na mashuleni. Lo! Sisi wazee tulishangilia kama watoto waliopewa soda.

Kasoro zake tulizijua. Alimtelekeza mke wake wa pete, akawa anaishi na msichana wa rika la mwanawe wa kwanza. Halikuwa siri. Mwalimu mmoja mstaafu aliniuliza sokoni Kilosa, "Mzee mwenzangu, huyu ndiye wa kurudisha nidhamu?"

Nikamjibu bila haya, "Hatuchagui mchungaji, tunachagua rais. Yule mwingine hana kimada, lakini vibanda ataviacha. Nipe aliye safi na atakayevifunga, nimpigie!" Msinicheke. Nilikuwa naogopa kweli, nikiona kila nilichofundishwa kinauzwa barabarani. Nilikuwa na sababu. Aibu yangu haiko kwenye kura.

Jumapili moja, akielekea mkutanoni Mikumi, akapita kusali kwetu. Akaingia na yule kimada, miwani myeusi usoni, ndani ya kanisa! Viti vya mbele vimejaa. Mnajua nilifanya nini? Niliinuka kwenye kiti changu, nikatoa leso, nikakipangusa, nikamkaribisha. Kimada naye tukamwinulia mama mmoja amwachie nafasi.

Kisha nikaombwa nimwombee. Nikapaza sauti, "Ee Bwana, usiutazame udhaifu wa mtumishi wako huyu!" Wazee wenzangu wakaitikia amina mpaka mabati yakalia.

Ndipo Tabitha akasimama kule nyuma, mtoto mgongoni. Hakupiga kelele.

"Baba," akasema, "na mimi nikigombea urais, mtoto wangu atabatizwa?"

Mgombea akageuka kutazama, akatabasamu, hata hakuelewa. Ningeweza kunyamaza. Ningeweza kulia. Mimi mpumbavu nikamwambia mhudumu wa mlangoni, "Mtoe huyo nje!" Hakuhitaji kutolewa. Alitoka mwenyewe, na kesho yake alipanda lori, akaenda Kilangali kufanya kibarua mashambani.

Mgombea wangu aliangushwa vibaya. Mpambe wake aliyekuwa akizunguka na jenereta na vipaza sauti akabaki Mikumi. Akafungua nini? Kibanda cha video! Nilipita pale na gunia langu la maharage, nikakisikia kipaza sauti kile kile kilichokuwa kikituhubiria nidhamu kinaita, "Karibuni, picha mbili kwa kiingilio kimoja!" Masikio yaliniwaka moto.

Uzee wa kanisa niliuacha. Mtoto alibatizwa huko huko Kilangali, kanisa la watu wengine. Nilizisikia habari kwa mnunuzi wa mahindi, mimi babu yake!

Mwezi uliopita nilijikaza nikaenda, na jogoo mkononi. Akatoka msichana wa miaka mitano, macho ya mke wangu kabisa. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Nikasubiri aseme babu. Hakusema. Nani angemfundisha?

Tabitha akatoka, mikono ina tope la shambani. Akanisalimia vizuri, kwa adabu zote. Hakunitukana, ningefurahi angenitukana! Akamgeukia mwanawe, "Kamletee mgeni kiti. Kile kizuri."

Mtoto akakileta, akakipangusa kwa pindo la gauni lake. Nikakaa.

Ndugu zangu, kampeni zimeanza tena, na wazee naona wameshaanza kupangusa viti. Mchagueni mnayemtaka, hata mwenye kasoro, maana malaika hawagombei. Lakini msimpe mgeni huruma yote, watoto wenu mkawabakizia kanuni. Mimi nilifanya hivyo. Sasa nikienda kwa binti yangu napokewa vizuri sana, kama mgombea.